Kifuniko cha Meno na Misuli ya Taya: Kinachosaidia na Kisichosaidia

Mazungumzo haya yalitolewa kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kusudi wanachama waliokosa kufika na wafadhili wetu wayasome.



Komite imeniomba nizungumze juu ya meno. Najua kuna mtu hapa anajiuliza moyoni: tuko na shida ya mbegu, mabati hayatoshi, minervali ya watoto haijalipwa, na huyu anakuja kutuambia habari za meno? Mnivumilie kidogo. Niko na sababu mbili. Ya kwanza, mama mtunza mfuko anajua ni mara ngapi daftari la matunzo limeandikwa maneno haya: "kung'oa gego." Ya pili, mimi mwenyewe niko na deni kwenu, na deni halilipwi kwa kunyamaza.

Wengi mnakumbuka. Wakati tulipofanya zile ziara za nyumba kwa nyumba, tulikuta watu wengi wenye malalamiko yanayofanana. Mtu anaamka asubuhi taya limekaza, kichwa kinamuuma pembeni, juu kidogo ya masikio, na kutafuna muhogo mkavu ni kazi. Mke anasema mume anasaga meno usiku mpaka watoto wanaamka. Au mume anasema hivyo juu ya mke. Mimi nikafikiri nimepata dawa. Nilipokwenda Uvira nikanunua vifuniko sita vya plastiki laini, vile vya wachezaji wa ngumi, unavyolainisha katika maji ya moto halafu unaviuma vipate sura ya meno yako. Nililipa kwa pesa ya mfuko. Nikawapa wanachama sita.

Baada ya wiki chache, wawili wakarudi wakisema maumivu yamezidi. Mama mmoja alikirudisha kimefungwa vizuri katika kipande cha kitenge, akaniambia: "Mwanangu, chukua kitu chako. Usiku mzima nakitafuna kama muwa." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoa kitu ambacho sikukielewa. Basi nikaanza kusoma, nikamwuliza na daktari wa meno, na leo nimekuja kuwaeleza nilichopata, na kuwaomba radhi wale sita.

Tuanze na mwili wenyewe. Naomba kila mtu aweke vidole vyake kwenye mashavu, hapa karibu na kona ya taya, chini ya sikio. Sasa uma meno kwa nguvu. Achia. Uma tena. Unasikia kitu kinavimba chini ya vidole? Huo ni msuli mkubwa wa kutafunia. Sasa peleka vidole juu, pembeni ya kichwa, nyuma ya jicho. Uma tena. Hata huko kunacheza, si ndiyo? Huo ni msuli wa pili, umetandazwa kama kipepeo pembeni ya kichwa. Ndiyo maana mtu aliyesaga meno usiku anaamka na kichwa kinauma, anasema ni malaria, anakwenda kununua dawa. Kumbe kichwa hakina malaria. Ni msuli uliolima usiku kucha.

Na msuli huu si mdogo. Mtu mzima mwenye afya akiuma kwa magego kwa nguvu zake zote anaweza kufikia kilo 50 mpaka 70. Huo ni uzito wa mfuko wa mihogo, umewekwa juu ya gego moja. Lakini Mungu hakutuumba meno yagusane siku nzima. Wachunguzi waliohesabu muda ambao meno ya juu na ya chini yanagusana kweli, kula na kumeza vyote pamoja, walikuta haufiki dakika 20 katika saa 24. Muda mwingine wote, mdomo ukifungwa, kunatakiwa kuwe na nafasi ndogo kati ya meno. Sasa jichunguzeni wenyewe, hapa mlipokaa: meno yako yanagusana? Naona wengine wanacheka. Ndiyo hivyo. Wengi wetu tunayakaza mchana bila kujua, tukisikia pikipiki isiyojulikana imesimama nje, tukiongea habari za mpaka wa shamba, tukisubiri simu.

Usiku ni jambo lingine. Kusaga meno usingizini hakutokani na minyoo, ijapokuwa bibi zetu walituambia hivyo. Dawa ya minyoo ni nzuri kwa tumbo la mtoto, mpeni kwa wakati wake, lakini haitanyamazisha meno. Wachunguzi waliwalaza watu katika vyumba vya usingizi, wakawabandika nyaya kwenye mashavu, kifuani na kichwani, wakaangalia. Walichoona ni hiki: kabla taya halijaanza kusaga, mtu anaanza kutoka katika usingizi mzito kwa sekunde chache, bila yeye mwenyewe kujua. Moyo unaanza kwenda mbio. Halafu ndipo misuli ya taya inaanza kupiga kwa mpigo wake. Kwa hiyo taya ndilo la mwisho katika mstari. Meno yanasaga kwa sababu usingizi umeguswa.

Nafikiri kwetu sisi sihitaji kueleza sana. Wengi wetu tulilala miaka mingi na sikio moja wazi. Tulikimbia usiku, tukavuka ziwa usiku, tukaishi Lugufu na Nyarugusu, halafu tangu mwaka 2005 boti za HCR zilipoanza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, tukarudi kwenye nyumba ambazo zilikuwa hazina hata mlango. Wengine walikimbia tena baada ya kurudi. Mwili unakumbuka. Simaanishi kwamba kila anayesaga meno ana hofu. Tumbako, pombe, kahawa nyingi jioni, hata dawa fulani za kutibu huzuni, zote zinaweza kuongeza. Lakini wasiwasi umo kati ya mambo yanayotajwa sana.

Sasa tuje kwenye kifuniko. Madaktari wa meno wanaosoma kwa Kifaransa wanakiita gutiera. Gutiera ya kweli ni kipande cha plastiki ngumu, kimetengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako, kinafunika meno yote ya juu au yote ya chini. Unakivaa usiku tu. Meno ya upande mwingine yanakutana na plastiki, hayakutani na meno wenzake. Swali ni hili: kinapokuwa mdomoni, misuli inafanya nini? Inatulia, au inaendelea?

Swali hili watu wamelipima. Kuna chombo kinachosoma umeme mdogo unaotoka katika msuli unapofanya kazi, kinaitwa elektromiografi. Miaka ya 1970, katika chuo kikuu cha California huko Los Angeles, Solberg, Clark na wenzao waliwapa wagonjwa chombo cha kupima nyumbani, wakilala kwenye vitanda vyao. Waliona kwamba kwa wanaosaga meno, kazi ya msuli ilipungua walipovaa kifuniko. Vizuri. Lakini walipokiondoa, msuli ukarudi palepale ulipokuwa. Kifuniko hakikuwa kimeponya kitu. Kilikuwa kimezuia kwa muda.

Mwaka 1979 kikundi hichohicho kikatoa hesabu nyingine, ya wagonjwa 25 wenye maumivu ya misuli ya taya. Nataka muisikie vizuri hesabu hii, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Watu 13 msuli ulipungua kazi usiku. Watu 7 haukubadilika. Na watu 5 uliongeza kazi. Kifuniko cha namna moja, madaktari walewale, na mmoja katika kila watano anasaga zaidi kuliko mwanzo. Basi mtu akikuambia kwamba kifuniko "kinalegeza misuli," mwulize: ya nani?

Mwaka 1987 Okeson, wa chuo kikuu cha Kentucky, akalinganisha kifuniko kigumu na kifuniko laini, kwa watu 10 walewale. Kigumu kilipunguza kazi ya msuli kwa watu 8. Laini kilipunguza kwa mtu 1 tu, na kwa watu 5 kiliongeza. Watano katika kumi! Niliposoma pale nikamkumbuka yule mama na kitenge chake. Alikuwa ameniambia ukweli uleule, bila nyaya wala mashine. Kitu laini kati ya meno kinaualika mdomo utafune. Mimi nilinunua laini kwa sababu kilikuwa bei nafuu na kilipatikana bila daktari. Hilo ndilo kosa langu.

Kuna mambo mawili zaidi. Mwaka 2004, huko Montréal, Kanada, walifanya jaribio la ujanja. Watu walivaa kifuniko cha kawaida kwa muda, halafu kifaa kingine ambacho kilifunika kaakaa tu, juu ya ulimi, bila kugusa mahali meno yanapokutana. Vyote viwili vilipunguza kusaga, karibu 40 kwa mia. Maana yake nini? Maana yake nguvu haikuwa katika umbo la plastiki kati ya meno. Pengine mdomo ulishtuka tu kukuta mgeni ndani, ukatulia kidogo, kama watoto wanavyonyamaza mgeni akiingia nyumbani. Na mgeni akizoeleka? Mwaka 2006, Japani, waliwafuata watu kwa wiki 6. Mara tu baada ya kuvaa, kusaga kulipungua. Walipopima baada ya wiki 2, upungufu haukuonekana tena. Watoto wameanza kelele zao.

Ndiyo maana mwaka 2007, kikundi cha Cochrane, ambacho kazi yake ni kukusanya majaribio na kuyapima kwa pamoja, kilisema kwamba ushahidi haukutosha kuthibitisha kuwa vifuniko vinatibu kusaga meno usingizini. Walikiri kwamba vinaweza kuzuia meno yasiliwe.

Hapo wandugu, ndipo neno langu la leo lilipo. Kifuniko kigumu kinalinda jino. Fikirieni mtu anayetwanga katika kinu usiku kila siku, na mchi unapiga ukingo wa kinu mpaka unapasuka. Wewe unaweka kitu kwenye ukingo. Kinu kimepona. Lakini mtwangaji bado anatwanga. Kuweka kitu pale ni kazi nzuri, kwa sababu jino la mtu mzima likiliwa halioti tena. Ila tusidanganyane kwamba mtwangaji ameacha.

Kuna ndugu ataniuliza: basi wewe mbona unavaa? Ni kweli, mimi navaa. Nilipokuwa naanza kazi hii, gego langu la chini liliniuma miezi miwili. Nikaenda mahali, sitapataja, wakaangalia haraka, wakang'oa. Gego lilitoka zima kabisa, halina tundu. Maumivu yakabaki. Miaka miwili baadaye daktari mwingine wa meno alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla: aliniwekea vidole kwenye mashavu, palepale mlipoweka ninyi sasa hivi, akabonyeza. Nikaruka kwenye kiti. Akasema: "Jino lako halikuwa na kosa. Lililouma ni hili." Msuli unaweza kutuma maumivu yake kwenye jino, na mtu akaapa kwamba ni jino. Meno yangu ya mbele tayari yalikuwa yameliwa na kuwa fupi, kwa hiyo akanitengenezea kifuniko kigumu. Nakivaa. Kimechakaa, kina mikwaruzo ya meno yangu, na kila nikiiona mikwaruzo ile nashukuru kwamba ingekuwa kwenye jino. Lakini nikiwa na wiki mbaya, ya safari na taarifa za kuandika, taya linaniuma hata na kifuniko ndani. Hivyo ndivyo kilivyo.

Sasa tufanye nini? Nasema kwanza mambo yasiyogharimu hata franga moja.

Mchana, jikumbushe: midomo pamoja, meno mbalimbali, ulimi umepumzika. Chagua kitu cha kukukumbusha. Mimi kila ninapofunga mlango najiuliza: meno yako wapi? Wamama wanaweza kufanya hivyo kila wanapotua ndoo.

Asubuhi taya likikaza, chovya kitambaa katika maji ya moto yasiyounguza, kamua, weka kwenye shavu dakika 10 mpaka 15. Sugua msuli polepole kwa vidole. Siku za maumivu kula laini, acha muwa na mahindi ya kuchoma yakungoje. Wenye kutafuna kitu mdomoni siku nzima, wapumzishe mdomo.

Jioni punguza kahawa, tumbako na pombe. Najua hili la mwisho halitanipatia marafiki.

Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, asivae kifuniko chochote kabla hajamwambia daktari. Hiyo ni shida nyingine, na kifuniko kinaweza kuizidisha.

Na tafadhali: maumivu ya gego yasiende moja kwa moja kwenye koleo. Jino lenye tundu, lenye usaha, linalovimbisha shavu, hilo ni la haraka, usingoje, usiku huohuo utafute msaada. Lakini jino ambalo halina tundu, na maumivu yanakuja asubuhi na kupungua mchana, omba mganga akubonyeze misuli kwanza. Mwambie. Si aibu kumwambia mganga.

Kwa komite, niko na mapendekezo matatu, na wanachama ndio wataamua. Kwanza, mfuko usinunue tena vifuniko laini vya dukani. Vile vinne ambavyo bado viko kwa watu, naomba nivikusanye, na gharama ya vyote sita ninairudisha kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo mpaka iishe. Pili, kabla mfuko haujalipa kung'oa gego lisilo na tundu, ulipe uchunguzi kwanza. Uchunguzi ni bei ya kuku. Gego halina bei. Tatu, kifuniko kigumu tulipe kwa wale tu ambao daktari ameona meno yao yanaliwa au yanapasuka. Bei yake ni kama mbuzi wawili, kwa hiyo hatuwezi kumpa kila anayeumwa taya, wala haitakuwa haki, kwa sababu kwa wengine hakitapunguza kitu. Na atakayepewa aelezwe ukweli: kinalinda meno, arudi kikaguliwe, na kama maumivu yanazidi akivue.

Kwa wafadhili wetu watakaosoma hapa, nawaomba jambo moja. Vifuniko ni rahisi kuhesabu na kupiga picha, na taarifa inapendeza ukiandika "vifuniko 40 vimegawiwa." Lakini niliyowaeleza yanaonyesha kwamba kinachosumbua usiku kiko nyuma ya taya. Vile vikundi vya jioni, ambapo wamama wanakaa na kusikilizana, na wazee wanasuluhisha palabre za mashamba kabla hazijawa moto, vinagharimu chai na taa. Havina picha nzuri. Sina mashine ya kuwaonyesha kwamba vinapunguza kazi ya msuli, na sitadai hivyo. Nasema tu kwamba mtu aliyemaliza kesi ya shamba lake analala, na mtu anayelala vizuri ana nafasi kuliko yule anayesikiliza mlango. Msivikate ili kununua plastiki.

Wale wanachama sita, mnisamehe. Ninyi wawili mliorudisha, aksanti kwa kurudisha. Mngenyamaza kwa heshima, ningenunua vingine ishirini. Na yule mama wa kitenge, nimemwona kule nyuma anacheka. Mama, kitenge chako nimekifua, nimekuja nacho.

Mwenye swali aulize. Na kabla hujauliza, achia meno kwanza.